DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 18: Saa ya marehemu babu, itengenezwe au iuzwe?

Ndugu zangu katika imani, wazee wetu, mama zetu na vijana wa Tura, pamoja na nyinyi mnaotusoma kutoka Tabora mjini na mlioko safarini: tunamshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) aliyetuvusha mpaka siku ya 18. Kumi la pili linaelekea ukingoni. Waliokuwa wanahesabu siku zilizobaki kwa hamu ya Idi na waliokuwa wanazihesabu kwa hofu ya kuachwa na mwezi, wote wanaona zinavyokwenda.

Darsa la leo limetokana na swali. Wiki iliyopita, baada ya tarawehe, kijana mmoja alibaki nyuma mpaka watu wakaisha. Akanivuta pembeni, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na saa ya mkono, Seiko 5 ya zamani. Uso umeingia unjano, kioo kimechubuka, mkanda haupo. Ukiitikisa inatembea dakika chache, halafu inasimama. (Kisa hiki nimekiombea ruhusa. Jina lake sitalitaja.)

Akaniambia: "Shehe, hii ni ya marehemu babu. Alikuwa genge la reli hapa hapa. Kuna mtu wa mjini kaniahidi 70,000. Fundi naye anataka 45,000 kuitengeneza. Idi inakuja, watoto hawana nguo. Niitengeneze au niuze?"

Unaweza kusema, hili nalo ni swali la kumuuliza shehe? Si amuulize fundi saa! Mimi mwenyewe nilitaka kumjibu haraka nikale. Lakini kuna swali lilinijia kwanza, nikamuuliza: "Saa hii ni ya nani?"

Akacheka. "Ya babu, Shehe, si nimekwambia?"

"Babu kafariki. Sasa ni ya nani?"

Hapo akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, kwa sababu ambayo nitawaambia mbele kidogo.

*1. Swali la kwanza: ni ya nani?*

Tusidanganyane. Majumbani mwetu vitu vya marehemu hugawanywa kwa mazoea. Aliyekuwa karibu na kitanda huchukua redio. Aliyekuja na baiskeli huondoka na jembe. Kitu kidogo kama saa huingia mfukoni mwa mtu siku ya tatu ya msiba na hakuna anayeuliza. Tunaona aibu kuuliza, tunasema "ni kitu kidogo tu".

Mwenyezi Mungu hakuiacha mirathi kwenye mazoea yetu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya mwisho, ya 176, amepanga mafungu mwenyewe, nusu, robo, thumni, theluthi, sudusi. Na aya ya 7 imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu, kiwe kilichoachwa ni kidogo au kingi. Yaani lile neno letu "kitu kidogo tu" limeshajibiwa.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza gharama za mazishi. Pili madeni ya marehemu. Tatu wasia wake, usiozidi theluthi ya kilichobaki, na usiwe kwa mtu ambaye tayari ni mrithi ila wenzake waridhie. Baada ya hayo ndipo warithi wanagawana.

Sasa mtazame kijana wetu. Baba yake alifariki kabla ya babu. Baba zake wadogo wawili na shangazi yake wako hai. Kwa hukumu ya mirathi, mjukuu ambaye ana baba wadogo walio hai, watoto wa kiume wa marehemu, hapati fungu. Hilo huwauma wengi, lakini ndiyo hukumu. Basi ile saa aliyokuwa anaifunga kwenye kitambaa kwa mapenzi yote haikuwa yake, ila kwa njia mbili. Ama babu awe alimpa akiwa hai na kumkabidhi mkononi, hiyo ni hiba. Ama awe alisema itakuwa yake baada ya kufa, huo ni wasia, na mjukuu asiyerithi anaruhusiwa kuusiwa. Uzuri wa dini yetu ndio huo: mlango mmoja umefungwa, mwingine umeachwa wazi kwa babu mwenye akili.

Nikamuuliza, "Babu alikupa lini?" Akasema, "Hospitali. Alisema nikifa chukua." "Nani alisikia?" Akafikiri. "Baba mdogo mkubwa alikuwepo. Na shangazi." Nikamwambia: nenda kawaulize, usiniulize mimi. Na usiiuze kabla hujawauliza.

*2. Kisa changu mwenyewe*

Nimeahidi kuwaambia kwa nini nilinyamaza. Baba yangu aliacha saa ya mfukoni yenye mnyororo. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, nikaiweka. Mwaka mmoja nikabanwa, nikaiuza. Sikumwambia mtu. Kwa moyo wangu nilijiambia, mimi ndiye mwanamume, mimi ndiye niliyemuuguza.

Miaka ikapita. Dada yangu akaja kututembelea, akaniuliza mbele ya wanangu: "Ile saa ya baba iko wapi? Nilitaka tu niisikie mlio wake." Jamani, ardhi ilikuwa ngumu, haikupasuka. Nilimwambia ukweli. Akalia, hakunitukana. Fungu lake nilimlipa kwa thamani ya saa, na nikamwomba radhi. Pesa alizipokea, radhi akatoa, Alhamdulillah. Lakini mlio wa saa ya baba hakuusikia tena, na hakuna fedha ya kuununua.

Ndiyo maana nasema: wewe unaweza kuuza chuma, kumbe mwenzio anamiliki kumbukumbu ndani yake. Uliza kwanza.

*3. Swali la pili: ina ugonjwa gani?*

Tuseme sasa saa ni halali yako. Kabla hujaamua, ijue. Watu wengi huuza kitu kizima wakidhani kimekufa, na wengine humwaga pesa kwenye kitu ambacho kimekwisha.

Saa za aina hii hazina betri. Ndani kuna springi iliyokunjwa, na magurudumu yenye meno, na gurudumu dogo linalokwenda mbele na kurudi nyuma, mara sita kila sekunde kwenye nyingi za Seiko 5. Ukitembea, uzito ulio ndani unazunguka na kuijaza springi. Ndiyo maana ukiiweka kabatini inasimama, ukiivaa inaamka. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1963. Saa za mkono za quartz zilikuja sokoni mwishoni mwa 1969, na tangu hapo mafundi wa saa za springi wamekuwa wachache mwaka hadi mwaka.

Saa inayotembea ikitikiswa halafu ikasimama, mara nyingi haijafa. Mafuta yake yamekauka na kugeuka gundi, vumbi limeshika. Dawa yake ni kufunguliwa yote, kuoshwa, kutiwa mafuta ya saa, kufungwa. Iliyoingia maji na kushika kutu ndani, hiyo ni habari nyingine. Kutu ikila magurudumu, gharama inaweza kupita bei ya saa.

Mambo machache ya kushika:

- Usiifungue kwa kisu, na usitie mafuta ya kula wala ya cherehani. Mafuta mabaya huua saa kuliko ukavu.
- Mwambie fundi aifungue mbele yako akuoneshe ndani. Piga picha kwa simu.
- Patana kila kitu kabla: bei, muda, na kwamba vipuri vya zamani akivitoa akurudishie.
- Usikubali uso upakwe rangi upya ili "iwe mpya". Mnunuzi anayejua hupunguza bei akiuona uso uliopakwa, na wewe umeshaufuta ule unjano wa babu.
- Soma nyuma ya kifuniko. Kwenye Seiko za zamani, tarakimu ya kwanza ya namba ya mfululizo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka iliyotengenezwa, na ya pili ni mwezi. Ikianza na 53, ni Machi ya mwaka unaoishia na 5.
- Saa za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya 1960, nyingine zilipakwa radium ili zing'ae gizani. Hiyo ni sumu ya mionzi, na haipungui nguvu upesi hata kama mwanga umekwisha. Usikwangue uso wake, usimpe mtoto achezee.

Na jambo la mwanaume: saa ya dhahabu halisi haivai. Dhahabu ni halali kwa mama zetu na dada zetu. Ukirithi ya namna hiyo, iuze au mpe anayeruhusiwa.

*4. Swali la tatu: unaitaka ya nini?*

Hapa jibu halipo kwa fundi wala kwangu. Lipo kifuani mwako.

Kutengeneza kunaweza kuwa jema. Kutumia kitu mpaka mwisho wake ni kuikimbia israfu, na kulinda kumbukumbu ya mzee ni katika wema. Lakini kutengeneza kunaweza kuwa majivuno pia: unataka watu waione mkononi, na watoto nyumbani wanalala na uji mtupu. Deni limekukaa shingoni na wewe unanunua kioo cha saa.

Kuuza nako kunaweza kuwa jema. Mwenye njaa hali kumbukumbu. Babu yako angekuwa hai angeivua mwenyewe ampeleke mjukuu hospitali. Lakini kuuza kunaweza kuwa pupa tu, pesa imetajwa, mkono umewasha.

Kwa hiyo usiniulize kipi ni bora. Weka mbele yako mambo matatu: nani anakudai, nani anakutegemea, na kitu hiki kitatumika au kitalala. Mwenye deni alipe kwanza. Mwenye tegemezi wenye shida awatazame. Aliyesalimika na hayo mawili, na saa ataivaa, aitengeneze kwa roho safi.

*5. Ukiamua kuuza, sema aibu yake*

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamkemea kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akasema kwamba mdanganyifu si katika yeye. Kisa hiki amekipokea Muslim.

Saa ni hodari kwa udanganyifu wa namna hii. Unaitikisa vizuri kabla mteja hajafika, inatembea, anaondoka nayo kwa furaha, saa ya alasiri imekufa. Ukiuza, sema: "Ndugu, hii inasimama. Kioo kimechubuka. Fundi kaniambia ni mafuta, mimi sina hakika." Atapunguza bei? Apunguze. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka huondolewa. Elfu ishirini uliyoipoteza kwa ukweli ni nafuu kuliko uliyoipata kwa uongo.

Na wewe mnunuzi wa mjini unayezunguka vijijini, aya za mwanzo za Surat Al-Mutaffifin zinakuhusu pia. Ukijua kitu kina thamani kubwa na bibi kizee hajui, usimwambie "hiki takataka tu, nakusaidia".

*6. Saa mbovu na swaumu yako*

Nisiliache hili, maana tuko Ramadhani. Saa iliyosimama haimdanganyi mtu, kila mtu anaona imekufa. Inayodanganya ni ile inayotembea na kukimbia dakika kumi. Hiyo utaiamini, na utafungua kabla ya wakati.

Mwaka jana niliona nyumba moja wakifungua kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam. Ndugu zangu, jua halizami Dar na Tura pamoja. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani kila nyuzi moja ni dakika 4. Dar iko kwenye nyuzi 39 na kidogo za mashariki, sisi tuko karibu na 34. Ukizidisha unapata dakika 20 na ushei. Wao wanapoweka tende mdomoni, jua letu bado lipo. Na Tabora mjini huzama kama dakika 4 baada yetu, Kigoma baadaye zaidi.

Na siku za mawingu kama hizi za mvua? Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) amesimulia, kama alivyopokea Bukhari, kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifungua siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Wanazuoni wengi wanasema aliyefikwa na hilo ajizuie mpaka jua lizame na ailipe siku hiyo. Basi subiri hakika, kisha ukishapata hakika usicheleweshe, maana kuharakisha futari baada ya jua kuzama ni sunna.

Saa ya springi hata ikiwa nzima inaweza kupotea nusu dakika kwa siku. Wiki mbili ni dakika saba. Basi ukiitengeneza, irekebishe kila Ijumaa. Na nafsi ni hivyo hivyo. Mtu halali mwema akaamka mwovu. Hupotea nusu dakika leo, nusu dakika kesho. Ramadhani ndiyo siku yetu ya kurekebisha.

*7. Ilikuwaje?*

Najua mnataka kujua. Kijana alikwenda kwa baba zake wadogo, na shangazi akaitwa. Baba mdogo mkubwa akasema, "Kweli, marehemu alisema mbele yangu, saa ni ya huyu." Shangazi akashuhudia. Wasia ukathibiti, na ulikuwa chini ya theluthi. Angeweza kuondoka hapo hapo.

Lakini kwa kuwa mazungumzo yamefunguliwa, shangazi akasema: "Na lile deni la dukani mlilipa?" Kimya. Kumbe babu alikufa anadaiwa 38,000, sukari na bati chache. Mbuzi wake waligawanywa, shamba likagawanywa, deni likasahaulika miaka miwili. Na tunajua kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba nafsi ya muumini hubaki imening'inia kwa deni lake mpaka lilipwe.

Kijana akaivua saa kwenye kitambaa, akaiweka mkekani. "Basi iuzwe tulipe." Alikuwa sawa, maana deni linautangulia wasia. Lakini baba yake mdogo akasema, "Hapana. Sisi ndio tuliokula mbuzi." Na huyo naye alisema hukumu: warithi waliochukua mali kabla ya deni kulipwa, deni linawafuata kwenye walichochukua. Wakachanga watatu, usiku ule ule wakaenda kwa mwenye duka. Mwenye duka alikuwa ameshakata tamaa. Alizipokea, akamwombea marehemu.

Saa iko kwa fundi Tabora. Watoto watapata nguo moja moja badala ya mbili mbili. Kijana kaniambia: "Shehe, siku ile nilikuwa na haraka ya kuuza, sijui haraka ile imekwenda wapi."

Ndugu zangu, wazee wanajua jina la mji wetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilivuka Mgunda Mkali, nyika kavu, siku baada ya siku. Burton na Speke walipopita mwaka 1857, waliambiwa kwamba Tura maana yake ni "tua", yaani weka mzigo chini. Mpagazi akifika hapa alikuwa anajua: maji yapo, watu wapo, shusha.

Sisi tunaoishi Tura tunabeba nini mpaka leo? Saa ya nani iko kabatini kwako? Jembe la nani, shamba la dada yako, deni la baba yako? Zimebaki siku chache za mwezi ambao milango ya rehema imefunguliwa. Tua mzigo.

*Kazi ya leo*

1. Tafuta kitu kimoja nyumbani kilichokuwa cha marehemu. Uliza: ni cha nani kwa hukumu?
2. Uliza wazee kama marehemu wako anadaiwa. Dawa ya deni kulipa.
3. Andika wasia wako. Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Karatasi, kalamu, mashahidi wawili. Usimwachie mjukuu wako kazi ya kutafuta nani alisikia.
4. Linganisha saa yako na ratiba ya msikiti wetu kabla ya magharibi leo.

Ewe Mola wetu, wasamehe wazee wetu waliotutangulia, wafungue kwenye madeni yao, tupe moyo wa kurudisha haki za watu tukiwa hai, na utukubalie swaumu zetu. Amin.

Kesho inshaallah: haki ya jirani wakati wa kufuturu. Mwenye swali alete baada ya alasiri, au aniandikie hapa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.